Mvi Ziachwe Zionekane
Ukipita mtaa wa Wandegeya, Kampala, jioni utawaona vinyozi, baada ya kunyoa ndevu, wakichovya mswaki katika rangi nyeusi na kumpaka mteja aliyeanza kuota mvi, kana kwamba umri ni taka ya kusafishwa. Simlaumu apakwaye, maana katika nchi ambayo wengi wa raia wake ni vijana, mtafuta kazi huchelea weupe wa kichwa usimkoseshe riziki. Lakini aghalabu rangi hizo zina parafenilini-diamini, dawa iwezayo kumwasha mtu ngozi hata uso ukamvimba, na kwa kuwa nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, weupe hurejea upesi, na gharama pamoja nao.

Waislamu wa mtaa wa Kibuli wamepokea kwamba Makka ilipofunguliwa, mwaka 630, Mtume aliamuru mvi za Abu Quhafa, babake swahaba Abubakar, zibadilishwe, ila rangi nyeusi iepukwe. Hina, basi, kwa kuwa si nyeusi, ingalipo kwa aipendaye.

Ama rai yangu ni kuziacha: hapa Buganda, ambako mdogo hupiga magoti kumwamkia mkubwa, sioni kwa nini tuufiche umri unaostahiki taadhima hiyo. Aanzaye kuziacha na azikate nywele fupi, ili mpaka wa weusi na weupe utoweke mapema.