Usiandike "Afya 100%" Kama Wazazi Hawajapimwa

Leo naongea na wanaouza watoto wa mbwa mtandaoni, hasa madalali kama mimi. Hatufugi. Tunapiga picha, tunaposti, mteja akilipa tunachukua chetu. Wa viatu na vipodozi mnaweza kusoma pia, tangazo ni tangazo.

Nina duka dogo la vitu vya mbwa na paka: chakula, minyororo, shampuu, dawa ya kupe. Shule niliishia kidato cha nne. Haya ninayoyajua nimeyapata kwa kumsumbua daktari wa mifugo anayetibu mbwa wa wateja wangu, tena baada ya kuumia.

Miaka minne iliyopita nilimuuzia mama mmoja mtoto wa Poodle, wale wadogo wa manyoya ya kujisokota. Laki nane, yangu laki moja. Kwenye tangazo niliandika "chanjo tayari, afya 100%". Chanjo ilikuwa kweli. Hiyo asilimia mia niliiandika kwa sababu kila mtu anaiandika.

Mwaka jana akanipigia. "Mwanangu, huyu mbwa umeme ukikatika hashuki ngazi. Anasimama pale juu analia." Nikamwambia ampe karoti. Jamani, karoti! Baada ya miezi kadhaa akawa anagonga miguu ya meza mchana kweupe. Daktari alipomwangalia macho akasema ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga inakufa taratibu, ni ugonjwa wa kurithi, dawa hakuna. Nilikwenda na laki moja yangu mkononi. Mama hakuipokea. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulijua?"

Sikujua. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo: kama sikujua, niliandika asilimia mia ya nini?

Nikamfuata mfugaji. Akacheka. "Kijana, njoo uwaone wazazi wake, wanaona mpaka nzi." Nikaenda, na kweli wanaona. Nikachanganyikiwa, mpaka daktari aliponiambia nifikirie sikoseli. Baba mzima, mama mzima, mtoto mgonjwa. Kila mzazi amebeba jeni moja mbovu na moja nzima, ile nzima inamlinda. Wabebaji wawili wakikutana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata mbovu zote mbili. Kwa kumtazama huwezi kumjua mbebaji, hata uwe mfugaji wa miaka thelathini. Kwa kipimo cha vinasaba unamjua. Kijiti cha pamba kinasuguliwa ndani ya shavu la mbwa, kinatumwa maabara, majibu yanakuja. Na kwa kuwa jeni hazibadiliki, mbwa anapimwa ugonjwa huo mara moja tu maishani.

Kibaya ni kwamba magonjwa mengi ya hivi yanachelewa kuonekana. Mfano mzuri ni Basenji, mbwa wa huku kwa majirani zetu Kongo, yule wa mkia uliojikunja ambaye habweki kama wengine. Waingereza walianza kuwazalisha kwao miaka ya 1930, kutoka kwa mbwa wachache sana. Kizazi hicho kikaja kuwa na ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi: figo zinashindwa kurudisha sukari mwilini, inatoka na mkojo, mbwa anakunywa maji kama mtungi unaovuja na bado anakonda. Mara nyingi unaanza akiwa na miaka minne mpaka saba. Kufikia hapo kashazaa, na watoto wake washauzwa. Wafugaji walikuwa wanapima mkojo kwa vile vikaratasi vya sukari, lakini hicho kinakuambia mbwa ameshaugua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wapo waliotoka Marekani mpaka Kongo, enzi hizo Zaire, kutafuta damu mpya. Kipimo cha vinasaba cha kwanza kikaja 2007, na mwaka 2011 kikapatikana cha kuangalia jeni yenyewe.

Jambo nililolipenda ni hili: mbebaji hatupwi. Ukimpandisha na asiyebeba, hakuna mtoto atakayeugua ugonjwa huo, ingawa kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji. Ukiondoa wabebaji wote kwa mpigo, unabaki na mbwa wachache wa ukoo mmoja, na hapo unaita magonjwa mengine.

Nilimwambia mfugaji siposti tena watoto wake mpaka apime. Miezi saba sikupata senti kwake, na nilimwona kwenye kurasa za wengine akiuza kama kawaida. Sitaki kudanganya, iliniuma, nina kodi ya fremu. Mwishowe alikubali tuchangie. Jike mbebaji, dume mbebaji. Tukatafuta dume mwingine, naye tukampima, hana kabisa. Mbwa watatu, pamoja na kutuma nje ya nchi, laki sita na ushee. Ni nyingi, ndiyo. Lakini jike huyu anazaa watoto wanne au watano kwa mkupuo. Piga hesabu mwenyewe.

Mtasema mteja wa kwetu haulizi vipimo. Kweli haulizi. Anauliza bei, na kama unaleta mpaka mlangoni. Swali lake lingine linakuja baada ya miaka mitatu, kwa simu.

Ila msije mkahamisha uongo kutoka "afya 100%" kwenda "amepimwa DNA". Andika amepimwa ugonjwa gani. Kipimo chetu kinaangalia aina moja ya upofu, na aina za kurithi zipo zaidi ya hiyo. Nyonga mbovu za German Shepherd zinachangiwa na jeni nyingi, pale unataka picha za eksirei za wazazi. Na ukipewa cheti, tafuta namba ya chipu ya mbwa, halafu muombe daktari aisome kwenye mbwa mwenyewe. Cheti kisicho na namba kinaweza kuwa cha mbwa yeyote, nimeshaletewa viwili vya hivyo.

Tangazo langu la sasa linasema: "Chanjo tayari. Wazazi wamepimwa upofu wa kurithi aina ya prcd: mama mbebaji, baba hana, vyeti vipo dukani njoo uvione. Magonjwa mengine hawajapimwa." Kuna mtu aliniambia neno "mbebaji" linafukuza wateja. Wawili liliwafukuza kweli. Nimeweka laki tisa badala ya laki nane. Watoto walikuwa wanne, watatu wameondoka, mmoja bado yupo.