Wanafunzi wa faiba wafunzwe kupima, si kunakili nambari

Tangu mikongo ya TEAMS na SEACOM ifikishwe Mombasa mwaka wa 2009, nyaya za faiba zimeenea kutoka pwani hadi bara, na vijana wengi wa vyuo vya kiufundi wanatarajia kupata riziki kwa kuziunganisha na kuzipima. Hilo ni jambo la kutia moyo. Hata hivyo, wapo wanaodhani kwamba kupima faiba ni kuchomeka kifaa na kunakili nambari inayojitokeza. Dhana hiyo ni potovu, na yaweza kumgharimu mtu jicho lake.

Sehemu ya hatari imo katika lugha tunayoitumia. Twasema faiba husafirisha mwanga, na yeyote asikiaye neno mwanga hutarajia kuona. Lakini jicho la binadamu huona mawimbi ya takriban nanomita 400 hadi 700, ilhali faiba za masafa marefu hupimwa kwa leza ya nanomita 1310 na 1550. Mwanafunzi akichungulia ncha ya waya ataona giza, adhani hamna kitu, kumbe leza inamwingia. Kope hazitafumba, maana hakuna kilichozishtua. Achunguliaye kwa hadubini yumo hatarini zaidi, kwani lenzi zake huikusanya nuru hiyo. Kwa hivyo leza sharti izimwe, na mita ithibitishe kuwa waya hauna nuru, ndipo ncha ikaguliwe. Mimi ni mtu wa isimu, si mhandisi, lakini ningewasihi walimu waseme "leza" maabarani na kuliacha neno "mwanga" nje ya mlango.

Vipande vinavyokatwa navyo visipuuzwe. Unene wake ni mikromita 125 tu, na vikiingia ngozini ni taabu kuviona. Vitiwe katika chombo chenye kifuniko, na asile mtu chochote mezani hapo.

Ama kuhusu usahihi, yafaa ieleweke kwamba desibeli ni neno la ulinganishi. Upotevu wa desibeli 3 maana yake ni kwamba takriban nusu ya nguvu imepotea. Nusu ya nini? Bila kiwango cha mwanzo, swali hilo halina jibu. Ndiyo sababu fundi stadi husafisha ncha zote, huacha chanzo cha leza kitulie, kisha hukiunganisha na mita kwa waya mfupi unaoaminika na kuweka mita kwenye sifuri. Baada ya hapo waya huo haung'olewi kwenye chanzo. Akiung'oa, sharti aanze upya. Ndipo mkongo unaopimwa uingizwe katikati.

Njia ya leza ndani ya faiba hizi ina upana wa mikromita 9 hivi, hata chembe ya vumbi yaweza kuiziba. Aliyeweka sifuri kwa ncha chafu aweza kuona mita ikidai kwamba mkongo umeongeza nguvu! Kioo kitupu hakina uwezo huo.

Basi katika mitihani ya vitendo, mtahiniwa aandike kwanza jinsi alivyozima leza, alivyosafisha ncha na alivyoweka sifuri. Atakayeleta desibeli bila maelezo hayo asipewe alama, hata kama nambari yake imelingana na ya mwalimu.