Kabla ya tohara, waulizeni wajomba

LIKIZO ndefu ya mwishoni mwa mwaka iwadiapo, jamaa nyingi nchini huwa katika pilkapilka za kuwapasha wavulana tohara. Mzazi hutafuta daktari, hununua nguo na kuwaarifu ndugu. Lakini kuna swali moja ambalo wengi husahau kuuliza: je, damu ya kijana huyu huganda ipasavyo?

Swali hili si geni. Talmud, mkusanyiko wa sheria za Wayahudi uliokamilishwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, una kauli kwamba mama aliyefiwa na wana wawili kwa ajili ya tohara, wa tatu asitahiriwe. Wazee hao hawakuwa na maabara, ila walitambua kuwa balaa hiyo hufuata upande wa mama.

Leo maradhi hayo yanaitwa hemofilia. Aina A, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, humpata takriban mvulana 1 katika kila 5,000 wanaozaliwa. Mara nyingi mama huibeba kasoro hiyo bila dalili yoyote, akamrithisha mwanawe.

Mshipa wa damu ukikatika, chembe sahani hukimbilia pale na kuziba tundu kwa muda. Kisha protini ziitwazo vigandishi huamshana moja baada ya nyingine, hadi zifanye nyuzi za kukaza kizibo hicho. Madaktari wamezipa namba za Kirumi. Mwenye hemofilia A amepungukiwa na namba VIII, na wa aina B namba IX.

Hapa ndipo wazazi wengi hupotoka. Mtoto akijikwaruza kidole na damu ikakoma upesi, wao husema damu yake ni nzuri. La hasha! Mkwaruzo mdogo huweza kuzibwa na chembe sahani pekee, nazo hazina kasoro kwa mwenye hemofilia. Jeraha la tohara ni jambo jingine. Damu yaweza kukoma mwanzoni, kisha ikaanza kuchuruzika saa kadhaa baadaye, kijana akiwa nyumbani.

Maabara hutumia vipimo viwili vikuu, ambavyo kwenye fomu huandikwa PT na APTT. Damu hutolewa mkononi na kutiwa katika kichupa chenye sitreti, dawa inayoizuia isigande. Mashine huizungusha kwa kasi ili yale maji ya manjano, yaani plazma, yajitenge. Mpimaji huongeza kalsiamu na kemikali ya kuamsha vigandishi, kisha huhesabu sekunde mpaka plazma igande. Kwa kawaida PT huwa sekunde 11 hadi 13 hivi, na APTT 25 hadi 35, ingawa kila maabara ina viwango vyake.

Kwa nini vipimo viwili? Fikiria barabara ya Kericho na ile ya Eldoret, zinazokutana Mau Summit na kuwa moja kuelekea Nakuru. PT hupima njia ya Kericho hadi Nakuru, na APTT hupima ya Eldoret hadi Nakuru. APTT ikichelewa na PT iwe sawa, basi hitilafu iko upande wa Eldoret, kabla ya Mau Summit. Namba VIII na IX ziko huko. Vyote viwili vikichelewa, daktari huangalia mambo mengine, kama vile ugonjwa wa ini au ukosefu wa vitamini K.

Hata hivyo, hemofilia hafifu yaweza kupenya APTT isionekane. Kwa hivyo maelezo ya jamaa ni muhimu kama vipimo. Je, kuna mjomba aliyetokwa na damu kupita kiasi alipotahiriwa au alipong'olewa jino? Je, mtoto huvilia damu au kuvimba magoti bila kugongwa? Mwambie daktari mapema, naye ataagiza vigandishi vyenyewe vipimwe. Kabla ya hapo, mtoto asipewe aspirini wala asidungwe sindano ya msuli. Aidha, takriban thuluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo, kwa hivyo dalili za mtoto mwenyewe zisipuuzwe.

Mwenye hemofilia hajanyimwa tohara. Hufanyiwa hospitalini, akitiwa kigandishi alichopungukiwa kupitia mshipa, kabla na baada ya kukatwa. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, na ile ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret huwahudumia wagonjwa hawa.

Msomaji mpenzi, katika nyumba nyingi tohara ni shughuli ya upande wa baba. Lakini habari za damu ziko kwa mama, kwa nyanya mzaa mama na kwa wajomba. Waulizeni kabla ya siku kupangwa.