Programu imepita majaribio yote. Sasa nani aliyakagua majaribio yenyewe?

Ijumaa Kuu ya mwaka 2024, tarehe 29 Machi, Andres Freund alitoa taarifa iliyowaharibia watu wengi wa kompyuta sikukuu ya Pasaka. Freund ni mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL. Alisema kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayokaa karibu kila mahali penye Linux, kuna mlango wa nyuma. Mwenye ufunguo wake angeweza kuiamrisha seva ya mtu mwingine akiwa mbali, bila neno la siri.

Aligunduaje? Hakuwa anatafuta wezi. Alikuwa anapima kasi ya programu zake, akaona sshd, ile inayopokea watu wanaoingia kwenye seva kutoka mbali, inakula prosesa kuliko kawaida. Jaribio la kuingia lililokuwa linachukua sekunde 0.299 sasa lilichukua 0.807. Nusu sekunde tu. Wengi wangesema "mtandao unasumbua leo" na kuendelea na shughuli zao.

Habari ya nusu sekunde imesimuliwa sana. Kinachosimuliwa kidogo ni pale sumu ilipofichwa: kwenye folda ya majaribio. Na iliyoitoa huko na kuiingiza ndani ya programu ilikuwa skripti ya ujenzi. Yaani sehemu mbili ambazo kazi yake ni kutuhakikishia kwamba programu iko salama.

Jinsi programu inavyopikwa

Programu haizaliwi ikiwa tayari. Binadamu anaandika msimbo, kisha kompaila inaugeuza kuwa lugha ya mashine. Kama una simu ya Android, kernel yake imepita kwenye kompaila inayoitwa Clang. Mradi mkubwa una maelfu ya mafaili na hakuna anayeyapitisha moja moja kwa mkono. Kinachofanyika ni kuandika skripti. Unaita amri moja, kwa mfano make, na skripti inajua faili lipi litangulie na lipi lifuate. Ukimaliza unaita make check, na majaribio yanaanza kukimbia.

Hata kompaila yenyewe hupitishwa humo humo. Chukua GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa mara ya kwanza mwaka 1987. Ukiijenga kikamilifu, inajijenga mara tatu. Kompaila ya zamani uliyonayo inaijenga mpya. Hiyo mpya inajijenga yenyewe. Halafu iliyotoka hapo inajijenga tena. Toleo la pili na la tatu hulinganishwa, na kama hayafanani, kazi inasimama hapo hapo.

Baada ya hapo ndipo yanakuja majaribio, nayo ni mengi mno. Kila kosa likirekebishwa, mtu anaongeza programu ndogo ya kuhakikisha kosa hilo halirudi, na mara nyingi faili linapewa jina kwa namba ya kosa lenyewe. Nyingine zimeandikwa vibaya kwa makusudi, ili kuona kama kompaila itazikataa na kutoa ujumbe sahihi. Matokeo yanaandikwa mstari kwa mstari: limepita, limefeli, au limefeli kama ilivyotarajiwa. Hili la mwisho huwachanganya sana wageni, maana ripoti inaweza kuwa na orodha ndefu ya kufeli na mambo yakawa safi kabisa.

Uangalifu huo si kujionyesha. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha kazi yao kuhusu Csmith, chombo kinachotunga programu za C kiholela na kuzirushia kompaila. Katika miaka mitatu walikuwa wameripoti makosa zaidi ya 325 yasiyojulikana kabla, kwenye kompaila ambazo dunia nzima ilikuwa inazitegemea. Kompaila ikikosea, msimbo wako unaweza kuwa sahihi kila herufi na programu bado ikakosea.

Takataka ndani ya jalala

Sasa rudi kwenye xz. Programu ya kubana mafaili nayo ina majaribio, na kati ya hayo yamo mafaili yaliyoharibiwa kwa makusudi. Lazima yawepo, ndiyo njia ya kujua kama programu itastahimili faili bovu. Ukiyafungua unaona herufi za ovyo tu.

Mwezi Februari 2024 mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye wakati huo tayari alikuwa na ruhusa ya kusimamia mradi, aliongeza mafaili mapya kwenye folda hiyo. Moja liliitwa bad-3-corrupt_lzma2.xz. Jina linajieleza: hili ni bovu. Nani angelifungua? Ukikuta takataka kwenye jalala hushangai. Jambo ambalo lingeweza kumshtua mtu ni kwamba hakukuwa na jaribio hata moja lililokuwa linayatumia mafaili hayo. Yamewekwa kwenye majaribio, lakini hayajaribu kitu.

Sehemu ya pili ya mtego ilikuwa kwenye skripti. Mstari mmoja uliongezwa kwenye faili la matayarisho ya ujenzi linaloitwa build-to-host.m4. Mstari huo haukuwepo kwenye hifadhi ya wazi ambapo kila mtu anaona mabadiliko. Ulikuwemo tu kwenye furushi la toleo, lile ambalo mifumo ya Linux huchukua kwenda kujenga. Aliyekagua hifadhi aliona usafi, aliyejenga kutoka kwenye furushi alipata sumu.

Skripti ilichukua lile faili "bovu", ikabadilishana herufi chache ndani yake, na kumbe chini yake kuna faili zima kabisa lenye skripti nyingine. Hiyo nayo ikatoa msimbo uliokwisha kukompailiwa na kuuchomeka ndani ya maktaba ya xz. Ikachagua na wa kumuuma. Kabla ya kufanya lolote iliuliza: hii ni Linux ya prosesa za x86 za biti 64? Kompaila ni GCC? Unajenga kifurushi cha Debian au cha jamii ya RPM? Kama jibu la swali lolote ni hapana, ilinyamaza. Mtafiti aliyejaribu kuijenga nyumbani kwa namna yake angeweza asione chochote.

Halafu kuna nukta. Kwenye skripti nyingine ya ujenzi, inayotumia CMake, palikuwa na kijaribio kidogo kinachoandika programu fupi, kuipitisha kwenye kompaila na kuona kama inakubalika. Ikikubalika, xz inawasha ulinzi wa ziada wa Linux unaoitwa Landlock. Mtu aliweka nukta moja peke yake kwenye mstari wa programu hiyo fupi. Kwa hiyo kompaila ikawa inaikataa kila mara, na skripti ikaamini mashine haina uwezo wa Landlock. Ulinzi ukazimwa, na hakuna ujumbe wa kosa uliotokea. Jaribio lilifeli "kama kawaida". Kwangu hii nukta inatisha kuliko ule mlango wenyewe.

Na usidhani vyombo vya ukaguzi havikuwepo. Google ina mradi unaoitwa OSS-Fuzz, unaopima programu huria kwa kuzirushia data za ovyo. Julai 2023 Jia Tan aliomba kipengele kimoja kizimwe wakati xz inapopimwa. Ombi lilikubaliwa. Kipengele hicho ndicho mlango ulichokuja kupitia baadaye.

Mtu mmoja amechoka

Kosa lilipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Matoleo yaliyoathirika, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yameshaingia kwenye Debian ya majaribio, Fedora Rawhide, openSUSE Tumbleweed na Kali. Matoleo imara yanayoendesha seva nyingi yalikuwa bado. Tuliponea chupuchupu.

Ila tusijidanganye kwamba lilikuwa tatizo la kiufundi tu. Kwa miaka mingi xz ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Lasse Collin, akiifanya kwa muda wake bila malipo. Mwaka 2022 akaunti zisizojulikana zilianza kumsakama: mbona matoleo yanachelewa, mbona humpi mwingine nafasi? Alijibu waziwazi kwamba ana matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba mradi huu ni wa kujitolea. Jia Tan alikuwa pembeni, mpole, msaidizi, anatuma marekebisho mazuri. Baadaye akapewa funguo.

Makampuni yenye mabilioni yalikuwa yamesimama juu ya bega la mtu mmoja aliyechoka. Unaweza kuongeza majaribio elfu, lakini anayeyapitia ni yule yule mmoja.

Somo la 1984

Wazee wa fani hawakushangaa sana. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alieleza jambo hili kwenye hotuba yake ya Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984. Fikiria kompaila iliyochezewa. Ikiona inajenga programu ya kuingilia kwenye mfumo, inapachika mlango wa nyuma. Ikiona inajenga kompaila mpya, inapachika ule ujanja wote humo ndani. Baada ya hapo futa ujanja kwenye msimbo. Msimbo ni safi, lakini kompaila inaendelea kurithishana ugonjwa kizazi hadi kizazi.

Angalia sasa lile jaribio la GCC la kujijenga mara tatu. Lingeumbua hila hii? Hapana. Toleo la pili na la tatu yangefanana kabisa, kwa sababu yote mawili ni magonjwa. Majaribio yote yangepita.

Dawa ipo, ingawa ni ya kazi. David A. Wheeler alipendekeza uchukue kompaila nyingine isiyo na undugu na ile unayoishuku, uijenge nayo, halafu ulinganishe matokeo ya mwisho biti kwa biti. Debian nao wamekuwa wakifuatilia kwa miaka ujenzi unaorudiwa: watu wawili wakijenga msimbo ule ule kwenye mashine tofauti, wapate faili lile lile. Mwaka 2023 mradi wa Guix ulifika mbali zaidi, ukaonyesha mfumo mzima unaoweza kujengwa kuanzia programu ya baiti 357 tu, ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kuisoma yote.

Lakini ujenzi unaorudiwa peke yake usingeikamata xz. Ukijenga mara mbili kutoka kwenye furushi lile lile lenye sumu, unapata sumu ile ile mara mbili, na ukaguzi unasema sawa. Kilichotakiwa ni kulinganisha furushi na hifadhi ya wazi, au kuacha kabisa kutumia mafuruski yaliyotengenezwa kwenye kompyuta ya mtu. Na mafaili ya majaribio yasiwe karibu na ujenzi. Jenga kwanza folda hiyo ikiwa haipo, kisha ilete uanze kupima.

Wezi wamehamia hapo

Tangu wakati huo mashambulizi ya aina hii yamezidi kusogea kwenye mitambo ya ujenzi na majaribio. Machi 2025 ilichezewa tj-actions/changed-files, skripti ya GitHub inayotumika kwenye majaribio ya kiotomatiki ya hifadhi zaidi ya 23,000. Ilianza kumwaga siri za miradi kwenye kumbukumbu za majaribio, ambazo kwa miradi ya wazi kila mtu anaweza kuzisoma. Septemba mwaka huo huo kikaja kirusi cha Shai-Hulud kwenye npm, soko kubwa la maktaba za JavaScript. Hicho hakikusubiri hata programu iendeshwe. Skripti inayojiendesha wakati wa kusakinisha ilitosha kuiba funguo za mtengenezaji na kujisambaza kwenye vifurushi vyake vingine.

Mantiki ya mwizi ni rahisi. Mashine ya kujenga na kupima ina funguo zote: za seva, za kusaini programu, za kupakia toleo jipya. Na watu huitazama kama jiko la uani. Mgeni hapelekwi huko, kwa hiyo hakuna anayefagia.

Kwa mtengenezaji wa programu, awe Dar es Salaam, Nairobi au kwingineko, yapo ya kufanya leo bila bajeti. Kama unatumia npm, iambie isiendeshe skripti wakati wa kusakinisha kwa kuongeza --ignore-scripts, kisha uruhusu zile chache unazozihitaji. Kama unatumia skripti za watu kwenye GitHub, zifunge kwa alama kamili ya toleo ulilolikagua, si kwa jina la toleo ambalo mwenyewe anaweza kulihamisha usiku. Mashine ya kupima usiipe funguo za kuchapisha. Na mtu akileta mabadiliko yanayogusa majaribio tu, yasome kama unavyosoma mengine, hasa kama ameongeza faili ambalo hakuna jaribio linaloliita.

Lasse Collin alirudi kwenye usukani na kutoa xz 5.6.2 tarehe 29 Mei 2024, ikiwa imesafishwa. Jia Tan hajaonekana tena, na hadharani hakuna aliyethibitisha kama alikuwa mtu mmoja, kikundi au serikali.