Msomi na Asomwe Kabla ya Kuhesabiwa

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la elimu, methali hii haisadifu kila mara. Sisi wa Wundanyi yatupasa kulitafakari jambo hili, kwani kaunti yetu ina Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, na wengi wa wanafunzi wetu wa leo ndio watakaokuwa wahadhiri wa kesho.

Siku hizi msomi akitaka kupandishwa cheo, aghalabu huulizwa ameandika makala ngapi, na makala hizo zimerejelewa na wenzake mara ngapi. Mnamo 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch, aliyekuwa akifundisha California, alibuni kipimo kinachoyaunganisha maswali hayo katika tarakimu moja. Aliye na makala 20 zilizorejelewa angalau mara 20 kila moja hupata alama 20. Aliyeandika makala moja tu, hata iwe imeitikisa dunia, hupata alama 1.

Tukijaribu kipimo hiki kwa Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji. Huyu alikuwa mwanakosmolojia, yaani mtaalamu atafutaye kwa hesabu asili na mwenendo wa ulimwengu mzima. Mwaka 1927 alionyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na kwamba galaksi zinazidi kuachana. Aliyaandika hayo kwa Kifaransa, katika jarida la chama cha sayansi cha Brussels ambalo wachache nje ya nchi yake walilisoma. Einstein alipoelezwa hakuafiki. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alichapisha vipimo vyake vya galaksi, na kanuni hiyo ikaja kuitwa kwa jina la Hubble. Makala ya Lemaître ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1931, baada ya yeye mwenyewe kumkumbusha Arthur Eddington, aliyekuwa mwalimu wake Cambridge. Eddington alikuwa ameletewa nakala zamani, akaisahau! Ilikuwa Oktoba 2018 ndipo wanaastronomia wa dunia walipopiga kura kupendekeza jina la Lemaître liongezwe katika kanuni hiyo. Mwenyewe alikuwa kaburini tangu 1966.

Lau kamati ya vyeo ingaliketi mwaka 1929 na kuhesabu marejeleo, ingaliona makala isiyotajwa na karibu mtu yeyote. Hesabu ingalikuwa sahihi, na hukumu ingalikuwa batili. Bahati yake ni kwamba chuo kikuu cha Louvain kilimfanya profesa mwaka ule ule wa 1927, bila kungoja dunia imtaje.

Nawasikia wanaouliza: Je, tusipohesabu, vyeo havitagawiwa kwa undugu na ukabila? Hoja hii ni nzito, nami siipuuzi. Tarakimu haijui Mtaita wala Mtaveta, haina mjomba wala shemeji. Msomi asiyejulikana Nairobi aweza kujitetea kwayo. Kwa hivyo sisemi mizani itupwe. Nasema mizani hutwambia uzito wa gunia, haitwambii kama ndani mna maharagwe au mawe.

Isitoshe, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukisifu wingi, makala moja itakatwa vipande vitatu, na marafiki watarejeleana kwa zamu. Hata pasipo hila, kipimo hiki kina kasoro. Mwaka 2015 wanafizikia wa maabara ya CERN walitoa makala yenye waandishi 5,154; kati ya kurasa zake 33, kurasa 24 zilikuwa za majina yao na vyuo vyao. Kazi ile ilikuwa halali na ya maana. Lakini ni haki gani kumpima kila mmoja wao kwa kipimo kile kile cha mwanakosmolojia aliyekaa peke yake miaka mitatu na kalamu yake?

Kwetu hasara ni kubwa zaidi. Mhadhiri anayeandika kwa Kiswahili, au anayechapisha utafiti wa chemchemi za milima hii katika jarida la humu nchini, yuko pale pale alipokuwa Lemaître mwaka 1927. Akihamia jarida la ng'ambo, alama zake hupanda, ila mwalimu wa sekondari wa hapa Wundanyi huenda asiuone utafiti huo kamwe.

Rai yangu ni hii. Kamati za vyeo na zimtake msomi alete makala zake tatu zilizo bora, nazo zizisome, kisha ziandike kwa nini zimezikubali au kuzikataa. Hesabu na ije baadaye, kama shahidi, si kama hakimu. Nasi walimu na wanafunzi tusijitoe lawamani. Kila tuandikapo tasnifu na kuruka kazi njema ya jirani ili kutaja jina la mbali, tunaiongeza dhuluma hii. Tusomane kwanza, tukikuta jema, tulitaje.