Afrika Haigawanyiki Kesho, Lakini Hiyo Ploti Yenu Je?

Mvua kubwa ikinyesha na ardhi ipasuke huko Bonde la Ufa, lazima klipu ianze kuzunguka: ati Afrika inagawanyika, Kenya inaenda baharini! Machi 2018 ufa mkubwa ulitokea karibu na Suswa, ukakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na dunia nzima ikashea. Wanajiolojia wengi walipoangalia, walisema mvua ilikuwa imeosha majivu laini ya volkano yaliyojaza nyufa za zamani.

Sasa tuelewane. Kugawanyika ni kweli. Chini yetu kuna mabamba mawili makubwa ya ardhi, la Nubia upande wa magharibi na la Somalia upande wa mashariki, na yanaachana. Lakini ni milimita chache tu kwa mwaka. Kucha zako zinakua haraka kuliko hiyo. Bahari kufika Naivasha ni stori ya mamilioni ya miaka.

Ila polepole haimaanishi salama. Mwamba hauvutiki kama chingamu. Unashikilia, presha inajaa miaka na miaka, halafu siku moja unateleza ghafla. Hilo ndilo tetemeko. Na ardhi ikivutwa inakuwa nyembamba, mzigo unaokandamiza miamba moto ya chini unapungua, miamba inaanza kuyeyuka na kupanda juu. Ndiyo maana tuko na Longonot, Suswa na Menengai. Joto hilo hilo ndilo linatupatia stima ya Olkaria.

Tarehe 6 Januari 1928, Subukia ilitikiswa na tetemeko la 6.9. Hapo Nakuru haikuwa jiji, na hakukuwa na maghorofa yamebanana vile tunaona leo. Likirudi sasa je?

Angalia mwaka wa 2010. Januari, tetemeko la 7.0 liliua zaidi ya watu 100,000 Haiti. Februari, Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nguvu karibu mara 500, na waliokufa walikuwa mia tano hivi. Umbali na kina cha tetemeko huchangia, lakini tofauti kubwa ilikuwa nyumba. Chile wanajenga wakijua ardhi itatikisika.

Sisi je? Aprili 2016, jengo la Huruma, Nairobi, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 40. Hakukuwa na tetemeko lolote. Ni mvua tu.

Manze, mabamba hatuwezi kuyasimamisha. Landilodi anayeongeza ghorofa mbili usiku bila injinia, huyo tunaweza. Kaunti ndiyo hupitisha ramani za ujenzi, na MCA wako anajibika kwako. Kabla ulipe dipoziti, angalia nguzo kama zina nyufa, uliza nani alipitisha hilo jengo. Ufa wa Suswa ulipata mamilioni ya macho. Ule wa ukuta wa ngazi zenu nani ameupiga picha?