Jivu la Pumba Lina Nafasi Barabarani, Ila Si Jivu Lolote

Kiangazi kikikolea Mwea, katika kaunti ya Kirinyaga, udongo mweusi hupasuka nyufa za kumeza mkono. Mvua ikinyesha, udongo huohuo hunywa maji, huvimba na kuwa ulimbo. Bodaboda husimama njiani matope yakiwa yamejaa kati ya gurudumu na madigadi. Mkulima wa mpunga anaupenda kwa kuwa hauachii maji yapotelee chini. Mjenzi anauogopa. Nyumba iliyowekwa juu yake kwa msingi mfupi huota ufa unaopanda ukutani ngazi kwa ngazi, ukifuata viungo vya mawe.

Nyuma ya vinu vya Wang'uru kuna vilima vya pumba, yale maganda magumu ya mpunga. Nyingi huishia kuchomwa hapohapo, jivu likapeperuka. Je, jivu hilo litiwe kwenye udongo wa barabara ili kuuimarisha? Naamini inafaa, ila si kwa sababu tu tumekosa pa kulitupa.

Udongo huu umejaa madini yenye tabaka nyembamba mno, nyembamba kama kurasa za msahafu, na maji hupenya kati ya tabaka hizo na kuzitanua. Chokaa hubadilisha tabia hiyo: chembe hushikana na kiu ya maji hupungua. Hapo ndipo jivu la pumba linapokuwa na kazi, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni silika. Peke yake haligandi. Likikutana na chokaa na maji huzaa taratibu gundi ya jamii ileile inayoipa saruji nguvu. Waroma walijenga kwa njia hii wakitumia jivu la volkeno la Pozzuoli.

Badiliko hilo huonekana kwa macho maabarani. Fundi huchukua kidonge cha udongo wenye unyevu na kukiviringisha kwa vidole juu ya kioo mpaka kiwe uzi wa milimita 3. Udongo mweusi huviringika tu, laini kama unga wa chapati uliokandwa ukakandika. Ukitiwa chokaa na kuachwa utulie, haukubali tena kuwa uzi. Hukatika na kuwa chengachenga. Udongo wa namna hiyo ndio unaoshindilika.

Tatizo liko kwenye moto. Pumba zikichomwa kwa takriban nyuzi 500 hadi 700 za selsiasi, silika hubaki katika hali inayoweza kuungana na chokaa. Moto ukizidi sana, silika hugeuka fuwele: haiungani kwa urahisi, na vumbi lake huharibu mapafu ya anayelivuta. Moto ukiwa hafifu, jivu hubaki jeusi kwa mkaa. Rundo la kando ya kinu huwa na aina zote hizo kwa pamoja, kwa hiyo anayezoa jivu hapo na kulimwaga barabarani anacheza bahati nasibu kwa fedha za umma.

Tena tusijidanganye kuhusu wingi. Nimepiga hesabu ya kilomita 1, upana mita 5, tabaka la milimita 150. Huo ni udongo wa mita za ujazo 750, kama tani 1,050 ukiwa mkavu. Kwa jivu la asilimia 6 zinahitajika tani 63. Magunia 100 ya mpunga ya kilo 100 hutoa takriban tani 2 za pumba, na pumba hizo zikiungua hubaki kilo 400 za jivu. Kwa hiyo kilomita moja inadai jivu la magunia karibu 16,000, na bado chokaa inanunuliwa. Hatutazijenga barabara kuu kwa njia hii. Ila zile njia fupi zinazotoka mashambani kwenda vinuni, ambako jivu halisafirishwi mbali, zinawezekana.

Wahandisi wengi wangependa udongo mweusi uchimbwe utupwe, iletwe moramu. Ni njia wanayoijua, na siwalaumu, maana barabara ikibomoka wao ndio wanaoulizwa. Lakini moramu nayo hutoka mahali: mlima unachimbwa, mashimo yanabaki na kujaa maji, malori yanaharibu njia nyingine.

Kuhusu plastiki iliyokatwakatwa, ambayo nayo hupigiwa debe, mimi nina wasiwasi zaidi. Inaweza kuushika udongo kama nyuzi, lakini haiungani nao. Barabara ikichakaa, vipande huingia mitaroni, na mitaro ya Mwea haiko mbali na mifereji inayopeleka maji ya mito Thiba na Nyamindi kwenye majaruba. Tutakuwa tumehamisha taka kutoka jalalani hadi shambani.

Kaunti ianze na vipande vichache vya majaribio, viachwe vipitiwe na masika na vuli kwa miaka miwili, huku maji ya mitaro yakipimwa. Mkataba useme waziwazi nani atarekebisha kipande kikishindwa, na wanaomwaga jivu wapewe barakoa za kweli. Zaidi ya yote jivu linunuliwe kwa kipimo cha maabara, si kwa lori. Mwenye kinu akirudishiwa jivu jeusi mara moja na kulipwa vizuri kwa lile lililoiva, atajenga tanuri na kuweka mtu wa kuuangalia moto.